Hati ya Shamba Ndani ya Mzinga

Muulize mtu yeyote wa Kopsiro, kule mlimani juu ya Chwele, atakwambia Kimaiyo hakuwa mwoga. Aliwahi kumtoa chui kwenye banda la mbuzi akiwa na panga moja na matusi mengi. Lakini mtajie mkopo uone. Mzee alikuwa anakunja uso, anatafuta kofia yake, anakumbuka ghafla kwamba kuna ua umebomoka huko chini na lazima akauangalie. Dukani alinunua kwa pesa taslimu tu. Akikosa pesa, mke wake Cherop alipika mboga bila chumvi, wakala kimya, na ole wako mtoto ukiuliza.

Hofu hiyo haikumwingia hivi hivi. Alikuwa na rafiki wa rika lake, Kipkoech, ambaye aliingia naye jandoni siku moja na wakauguza vidonda katika kibanda kimoja. Kipkoech alikuwa na shamba zuri la ekari ishirini nje ya mji wa Kitale. Akakopa pesa za mbegu, mbolea na kulimiwa na trekta, na hati ya shamba akaiacha kwa wakopeshaji kama dhamana. Huo ulikuwa mwaka wa 1984, na wenye umri wetu mnaukumbuka. Mvua ilikataa. Mahindi yalifika magotini yakakauka hapo hapo. Mwaka uliofuata dalali akaja kunadi shamba, na Kimaiyo alikuwepo. Aliwaona watu asiowajua wakipima ua wa rafiki yake kwa hatua, wakibishana choo kipya kitachimbwa wapi, na mwenye boma amesimama pale pale anawasikia.

Aliporudi Kopsiro hata kofia hakuvua. Alichukua hati ya shamba lake mwenyewe, ekari tatu tu za mteremko, akaifunga kwa karatasi ya nailoni, akapanda mti ulio nyuma ya nyumba na kuisokomeza ndani ya mzinga mkuukuu wa gogo uliokuwa mtupu. Hesabu yake ilikuwa rahisi: hati isiyoonekana haiwezi kuwekwa dhamana. Baada ya miezi michache nyuki wakahamia kwenye mzinga ule. Mtu mwingine angehangaika. Kimaiyo alifurahi sana, kwa maana alikuwa amepata askari wa bure.

Kipkoech alihamia Tuwan, mjini Kitale, akapanga chumba kimoja na kuanza kushona viatu mlangoni. Dalali alimwachia kitu kimoja tu, na si kwa huruma. Kipkoech alikuwa na ng'ombe mwekundu ambaye hakuwa kwenye boma lake siku ile, kwa sababu miaka kadhaa nyuma alikuwa amemweka kwa Kimaiyo. Hiyo ni desturi ya watu wetu wa mlimani. Unampa rafiki ng'ombe amtunze kwake. Maziwa ni ya anayetunza, anyweshe watoto wake. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Hakuna karatasi wala muhuri, na mtu akidanganya aibu inamfuata mpaka kwa wajukuu.

Kimaiyo hakudanganya. Kila fahali mchanga aliponenepa, alimswaga hadi soko la Chwele, akamuuza, na pesa akazipeleka Tuwan bila kupunguza hata ya chai. Ndama wa kike walibaki wakaongezeka. Kufikia mwaka wa 1995 yule mwekundu alikuwa ameshazeeka na kuacha binti wawili wenye maziwa mengi. Ng'ombe wa Kimaiyo mwenyewe walikuwa wameisha. Mmoja baada ya mwingine waligeuka karo ya binti yake Chelangat, aliyesoma sekondari karibu na Kanduyi, huko Bungoma.

Na Chelangat, jamani, hakumwangusha. Barua ikaja kwamba ameitwa chuo kikuu Eldoret kusomea kilimo. Cherop alipiga vigelele mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Kimaiyo alitabasamu siku nzima, hata kuku aliwasalimia. Kisha akasomewa ukurasa wa pili, wa karo.

Laiti msichana huyu angezaliwa miaka mitano mapema! Zamani hizo aliyeitwa chuo kikuu alisoma, akala, na bado akapewa pesa za mfukoni. Sasa mzazi alitakiwa kulipa sehemu yake, na chakula mwanafunzi ajinunulie. Asiye na pesa ajaze fomu ya mkopo, na mwisho wa kuipokea ulikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Bila pesa na bila fomu, nafasi ingepotea, na Chelangat angebaki Kopsiro kupalilia mahindi na barua yake nzuri ukutani.

Chelangat alishuka Bungoma akaileta fomu. Alimsomea baba yake pale jikoni taratibu, na mambo yalikwenda vizuri mpaka alipofika kwenye neno wadhamini. Fomu ilitaka wawili. Kimaiyo hakungoja maelezo. Akilini mwake mdhamini ni mtu anayetoa dhamana, na dhamana ni hati ya shamba, na ukishatoa hati ya shamba kinachofuata ni dalali na watu wa kupima choo. Aliinuka akatafuta kofia.

Akatangaza kwamba watalipa pesa taslimu. Angekwenda Kitale kumwomba Kipkoech ruhusa ya kuuza ng'ombe mmoja kati ya wale wawili, kisha angemrudishia polepole. Cherop alimkumbusha kwamba hao ndio wanaowapa maziwa ya kunywa na ya kuuza. Akajibiwa kwamba maziwa si lazima, watu wameishi kwa uji. Ndipo Chelangat, ambaye si mtu wa kubishana na baba yake, akakunja ile fomu vizuri na kusema:

"Baba, ng'ombe atalipa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili utauza nini?"

Kimaiyo alivaa kofia yake akatoka. Alikaa kwenye jiwe lililo karibu na ule mti akiwasikiliza nyuki wake. Alimpenda yule msichana kupita kiasi. Alitamani sana aende. Na aliogopa, aliogopa hasa, kwamba siku moja angesimama kwenye ua wake akisikiliza wageni wakipanga mahali pa choo.

Jumatatu alikuwa Tuwan. Alimkuta Kipkoech mlangoni kwake na kiatu kimoja cha shule magotini, mdomo umejaa misumari. Waliulizana habari za nyumbani kwanza, mtu na watu wake, ng'ombe na afya zao, kama inavyopasa. Chai ikaletwa. Kimaiyo akaeleza yote: barua, karo, fomu, na uamuzi wake wa kutogusa mkopo hata kwa ncha ya kidole. Mwisho akatoa ombi lake.

Kipkoech alitema misumari mkononi, mmoja mmoja.

"Ngoja nielewe," akasema. "Unataka nikukopeshe ng'ombe, ndio usikope?"

Kimaiyo aliweka kikombe cha chai chini. Kusema kweli hakuwahi kulitazama jambo hilo kutoka upande huo.

Kipkoech akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekosa sababu ya kucheka kwa muda mrefu, mpaka wapita njia wakageuka. Alipotulia alimwambia rafiki yake kwamba yeye, Kimaiyo, amekuwa na mkopo bomani kwake zaidi ya miaka kumi na miwili, amewalea watoto wake kwa maziwa ya mkopo, na amelipa kila ndama. Halafu eti ndiye anaogopa kukopa! Kimaiyo alitaka kusema kwamba ng'ombe si sawa na pesa za serikali, na kwamba yeye alijionea kwa macho yake siku ile ya dalali. Hapo Kipkoech aliacha kucheka kabisa.

"Kimaiyo, mimi nilikopa nikaweka ardhi niliyosimama juu yake, halafu nikangoja mvua. Wewe hungoji mvua, unamngoja Chelangat. Huyo ameshawahi kukosa kunyesha?"

Kisha akauliza fomu iko wapi, maana kama inataka wadhamini wawili, mmoja ndiye huyu hapa. Kimaiyo alimtazama. Mtu aliyenyang'anywa ekari ishirini kwa sababu ya sahihi moja alikuwa anafuta mikono kwenye aproni yake, tayari kutia sahihi nyingine kwa ajili ya mtoto wa mwenzake. Kimaiyo aliona aibu, na katikati ya aibu hiyo akahisi kifua kimepata nafasi. Wakapatana wakutane Bungoma siku ya Ijumaa, na ng'ombe hakuuzwa.

Sasa sikilizeni kosa lake, maana hakuliacha nyuma Kitale. Bado aliamini kwamba mdhamini lazima aweke hati. Kipkoech hakuwa na shamba, kwa hiyo, Kimaiyo aliwaza, hati itakuwa ni yake. Njia nzima ya kurudi alipigana na wazo hilo, na alipofika Kopsiro alikuwa ameshaamua. Kama mwenzake aliyeungua anaweza kunyoosha mkono, na yeye atanyoosha wake. Atatoa ekari tatu. Ikibidi wageni waje kupima choo, basi waje, lakini msichana awe amesoma.

Siku ya Alhamisi, wakati Cherop na Chelangat wamekwenda kisimani, alipanda mti akiwa na kinyesi kikavu cha ng'ombe kinachofuka moshi. Miaka kumi si michache. Nyuki waliona kwamba mzinga ni wao na kila kilichomo ni chao, na hawakutaka mazungumzo. Cherop aliporudi alimkuta mumewe ameketi kwenye jiwe, jicho moja limefumba, mdomo umevimba, mkononi ameshika furushi la nailoni lililoganda nta na asali. Alimuuliza kama amerogwa. Kimaiyo akajibu, kwa shida, kwamba alikuwa anarina asali. Kesho yake Ijumaa walifika Bungoma mapema, yeye na binti yake, na Kipkoech akawakuta pale akitokea Kitale, amevaa koti la zamani na viatu alivyoving'arisha mwenyewe.

Ofisi walikotakiwa kuapishwa na kupigiwa muhuri ilikuwa na karani kijana aitwaye Wekoye. Alimpokea Chelangat vizuri, akaipitia fomu ukurasa kwa ukurasa, akauliza wadhamini wako wapi. Kipkoech akatia sahihi. Ilipofika zamu ya Kimaiyo, mzee alitoa lile furushi kifuani, akaliweka mezani polepole kwa mikono miwili na kurudi nyuma hatua moja. Sisimizi mmoja akatoka. Wekoye alilitazama furushi, akautazama uso wa mzee uliofura, akauliza kwa adabu hii ni nini.

Kimaiyo akasema ni shamba lake.

Karani alifungua nailoni kwa ncha za vidole. Hati ilikuwa nzima, pembe moja tu imeshikwa na nta. Akaikunja tena.

"Mzee, hii hatuitaki," akasema. "Tunataka jina lako na namba ya kitambulisho, basi. Hii rudisha nyumbani."

Kimaiyo akamwomba arudie. Wekoye akarudia, tena taratibu kwa sababu aliona jicho moja tu likimsikiliza. Chelangat alikuwa ameanza kulia bila sauti. Miaka yote alijua baba yake anawafuga nyuki wale na haruhusu mtu kuukaribia mzinga, na sasa aliona kilichokuwa ndani, na aliona kwamba amekitoa kwa ajili yake na kukiweka juu ya meza ya mtu asiyemjua. Baba yake alikuwa anatafuta kalamu, anasema wasichelewe, ofisi za siku hizi hufungwa wakati wowote. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa zilizopanda mlima. Kipkoech alijifanya anatazama dirishani.

Mkopo ulitoka. Haukutosha kila kitu, hakuna aliyesema ungetosha, na mara nyingi Cherop alituma Eldoret debe la viazi na chupa za maziwa ya ng'ombe wa Kipkoech. Lakini mwaka wa pili hakuna aliyeuliza watauza nini, wala wa tatu. Mwaka wa 1999 Chelangat alimaliza, na kabla ya Krismasi akapata kazi kwenye kampuni ya mbegu mjini Kitale. Kwa mshahara wa kwanza alimnunulia Kipkoech cherehani ya kushonea ngozi. Pia akawaandikia watu wa mkopo barua mwenyewe, waanze kukata deni lao bila kungoja kumtafuta.

Alipokuja Kopsiro kwa sikukuu, Kimaiyo aliomba kuiona ile karatasi ya mshahara. Aliishika mbali na uso, akafuata mistari kwa kidole mpaka akafika palipoandikwa pesa zilizokatwa. Kidole kikasimama hapo.

"Hawa ndio wale?"

"Ndio wale, Baba."

"Wanachukua kila mwezi?"

"Kila mwezi, mpaka ziishe."

Kimaiyo alikunja uso, na Cherop akaacha kumenya viazi, maana aliujua ule uso wa kutafuta kofia. Chelangat akaichukua karatasi yake taratibu.

"Wanachukua ndama, Baba," akamwambia. "Maziwa yote yanabaki kwangu."

Mzee aliitazama tena ile karatasi mkononi mwa binti yake. Kisha akacheka, akainuka, na kofia yake akaipata pale pale kichwani. Ng'ombe walikuwa wanalia bandani, saa ya kukamua ilikuwa imefika. Akachukua kibuyu na kumwita binti yake amfuate, amshikie ndama.