Waliokuwa Wakimsema Mezani

Kwa miaka kumi na mmoja, kila Jumamosi mchana, Mpiga Chapa alikula na marafiki zake wawili kwenye mgahawa wa Kichina ulio mkabala na posta. Mmoja alikuwa Nesi, mwanamke wa maneno machache asiyependa kuzungushwa. Mwingine alikuwa Mwalimu, aliyesoma naye tangu enzi za kaptura. Meza yao ilikuwa ya dirishani, na chakula chao kilijulikana hata jikoni: bata, tambi za kukaanga na supu ya uyoga.

Jumamosi moja akawakuta wameketi pembeni kabisa, karibu na mahali pa kunawia mikono.

"Vipi, tumefukuzwa?" akauliza.

Mwalimu akasema kitu, Nesi akacheka. Mpiga Chapa naye akacheka, ingawa hakuambulia hata neno moja. Lakini rohoni hakutulia.

Tangu hapo akawa anawatazama kwa jicho la pembeni. Aliwaona wakiinamiana. Akigeukia sahani yake, midomo yao inaenda; akiinua uso, kimya. Hata mama mwenye mgahawa, aliyezoea kumsalimu kwa sauti kutoka jikoni, siku hizi alifungua mdomo tu. "Na huyu wamemtia mfukoni," akajisemea.

Nyumbani akamwambia mkewe, "Wale wawili kuna jambo wananipikia." Mkewe alikuwa amempa mgongo, anakunja nguo. Hakusikika akijibu. Mpiga Chapa akakata shauri kwamba naye yumo.

Jumamosi iliyofuata aliwahi, akajibanza nyuma ya pazia la shanga pale pa kunawia, hatua tatu tu kutoka mezani. Wakaja, wakakaa. Mwalimu alikuwa akitikisa kichwa kama mtu aliyefiwa. Mpiga Chapa alitega sikio mpaka shingo ikamuuma, asipate kitu. Uvumilivu ukamwishia, akatoka.

"Semeni kwa sauti. Miezi yote hii mnanong'ona nini?"

Mgahawa mzima ukageuka. Nesi akaweka vijiti chini, akamvutia kiti, akamtazama usoni.

"Kaka, hakuna aliyenong'ona. Tulihama dirishani kwa sababu ya kelele za magari. Ukikaa pale hutusikii."

"Mimi nasikia vizuri tu."

Nesi akainuka, akapita nyuma yake. Mpiga Chapa akangoja, mikono kifuani. Nesi aliporudi alisema, "Nimekuita mara nne."

"Hujaniita."

Kwenye meza ya jirani alikuwepo mzee mmoja asiyewajua, tambi zikining'inia mdomoni. Mpiga Chapa akamgeukia. Yule mzee akainua vidole vinne, akaendelea kula.

Rafiki zake asingewaamini, ila yule mzee hakuwa na sababu ya kumdanganya. Miaka thelathini alikuwa amesimama kando ya mashine ya kuchapa, akiwacheka wanaoziba masikio kwa pamba.

"Mke wangu anajua?"

"Ndiye aliyetuomba tukwambie," Mwalimu akasema, sasa kwa sauti ya darasani. "Tumekuwa tukisukumiana hapa. Mimi nasema aanze Nesi, Nesi ananirudishia mimi."

"Kwa hiyo mlikuwa mnanisema kweli."

"Tulikuwa tunakusema."

Jibu hilo, ajabu, likamtuliza kuliko kubembelezwa. Akavuta sahani ya bata.

Mwezi uliofuata daktari alimpima, akampa vifaa viwili vidogo vya masikioni. Jioni ile mkewe alimkalisha sebuleni, akamrudia yote aliyokuwa amemwambia kwa miaka miwili bila kujibiwa. Mengine hayakumpendeza hata kidogo. Aliyasikiliza yote, vifaa vikiwa masikioni, mpaka chai ikapoa.