Mama Aliyemnyonyesha Waziri Mkuu

Magazeti yameandika kila kitu kuhusu Fermo Zanchetta: uwakili wake, ubunge wake, na jinsi alivyokuwa waziri mkuu wa Italia mara tatu, na mara zote tatu serikali yake ikaanguka. Mama yangu Ersilia hakutajwa hata kwa mstari mmoja. Haya, nitamtaja mimi.

Fermo alipozaliwa hapa San Vendrame, mama yake alishikwa na homa, maziwa yakakauka. Baba yake, mwanasheria, akamleta kwetu akiwa amefungwa blanketi. Mimi nilikuwa na miezi miwili. Tangu siku hiyo tukagawana, yeye ziwa la kulia, mimi la kushoto, na mama alikuwa akisema yule wa kulia ndiye aliyekuwa na pupa. Alikaa nasi mwaka na nusu.

Mama hakujua kusoma wala kuandika. Katika chaguzi mbili za kwanza baada ya vita aliweka alama kwenye chama na kuandika namba ya mgombea, kama sheria ilivyoruhusu. Mwaka 1953 Fermo alikuwa tayari waziri mkuu, na mama akagoma.

"Mwanangu si behewa la treni nimwandike namba," aliniambia. "Nifundishe jina lake."

Alikuwa na miaka sitini na tisa. Majira yote ya baridi nilimwaga unga wa mahindi juu ya ubao wa polenta, ugali wetu wa huku, naye akaandika kwa kidole, akafuta, akaitukana herufi Z, akaandika tena; jina lilipomkaa, akadai na herufi zilizobaki. Siku ya kura alivaa viatu vya kanisani akapita mbele ya nyumba zote, hata zisizokuwa njiani.

Mimi, karani wa posta, nilikuwa miongoni mwa wahesabu kura. Msimamizi wetu, mwalimu Dal Molin, akafungua karatasi moja na kuisoma kwa sauti kama ilivyompasa: "Zanchetta Fermo. Nimemnyonyesha mimi."

Sheria tuliijua sote: kura yenye neno la kumtambulisha mpigaji imeharibika. Hata Olindo, fundi mwashi, mkomunisti aliyempinga Fermo miaka yote, alivua kofia akasema tuipitishe tu, nani ana roho ya kuikataa. Kweli nilitamani kunyamaza. Lakini kesho yake wangesema waziri mkuu amebebwa kijijini kwake, na mama yangu hakunyonyesha mtu wa kubebwa. Nikasema mimi mwenyewe kwamba imeharibika.

Nilirudi nyumbani. Baridi yote ile kwa ajili ya kura moja, na aliyeitupa ni binti yake. Nilimkuta anakoroga polenta, nikamweleza yote bila kuzunguka. Hakugeuka.

"Mwalimu aliisoma kwa sauti?"

"Kwa sauti, mama. Mpaka neno la mwisho."

"Na sasa mmeichoma?"

"Haichomwi. Imetiwa kwenye bahasha, ikapigwa lakiri, imepelekwa mahakamani mjini."

Akauacha mwiko, akanitazama. Fahari ile usoni mwake sikuwa nimeiona hata siku Fermo alipoapishwa.

"Basi vizuri," akasema. "Kura atapata kwa wengine. Hilo la kunyonyesha, sasa serikali inalo kwa mkono wangu."