Nyota Tano Mbele ya Mashine ya Kusaga

Tangu daktari anikataze ngano, nimo katika kikundi cha mtandaoni cha watu wenye tumbo kama langu. Huko unaanza kama Mgeni, bila nyota, na kadiri unavyoandika ndivyo unavyopanda. Mimi ni Mshauri, nyota tano. Nilizipata kwa kuandika "pole sana" chini ya shida za wengine.

Juzi, kwenye mashine ya kusaga ya mtaani kwetu Katuba, mama aliyenitangulia alifunika beseni lake la mahindi kwa mkono.

"Papa, nani alisaga mbele yangu?" akamuuliza mwenye mashine.

"Mama moja wa uji. Soya, mahindi na ngano."

"Basi pitisha kwanza sahani moja tu. Ule unga wa kwanza nitapea kuku. Mutoto wangu ngano inamuumiza tumbo."

Nikaingilia, kidole juu. "Mama, mahindi haina gluten, ile kitu ya mu ngano yenye inaumiza tumbo! Mimi niko Mshauri mu kikundi ya batu ba bila ngano."

Hakugeuka. "Mahindi haina, papa. Mashine ndiyo iko nayo."

Miezi yote ile nililalamikia tumbo langu mtandaoni, huku nikila bukari, ugali wetu, wa unga wa mashine hii hii.

"Hata miye niko mu kile kikundi," akaongeza. "Niko Mgeni. Niliuliza mara moja tu, juu ya mashine. Muntu wa nyota tano akanijibu: pole sana."

Nilipofika nyumbani niliandika kikundini kukiri ujinga wangu wote. Simu ikalia palepale: hongera, umepata nyota ya sita.