Kangaga Wangu na Kahawa ya Bibi

Mama alishasema: nikifeli mradi wa Baiolojia, naenda bweni. Kwa mtu aliyezoea kurudi nyumbani Sokon I jioni na kukuta chai ya maziwa, neno bweni lina harufu ya maharage yenye wadudu. Hivyo mwalimu alipotuambia kila mtu aoteshe mmea usio na maua wala mbegu, nikawa mwanafunzi bora ghafla.

Nilichagua kangaga. Kwa Bibi, Nkoaranga, makangaga yamejaa kando ya mfereji na hakuna anayeyadai. Jumamosi nikapanda gari kwenda huko.

“Shikamoo Bibi.”

“Marahaba mume wangu. Umekuja kunioa au kula?”

“Kula kwanza.”

Nilikata majani yenye vidoti vya kahawia upande wa chini, nikayalaza juu ya gazeti mezani. Asubuhi gazeti lilikuwa na unga mwembamba wa kahawia. Kila chembe ni spora. Kangaga huzimwaga kama mtu anayebeti mechi zote za wiki, akijua mikeka mingi itachanika.

Bibi akaja na chai, akaona unga, akageuza jani. Uso ukabadilika. Mkulima wa kahawa akiona unga kama ule chini ya jani, anajua ni kutu, ugonjwa unaopukutisha mibuni mpaka ibaki vijiti. Na mibuni ya Bibi ndiyo iliyomsomesha Mama.

“Umeniletea kutu ndani ya nyumba. Peleka jikoni, choma.”

“Bibi, huu ni uzazi, siyo ugonjwa.”

“Uzazi kwenye meza ya chakula?”

Nikamwinulia jani kwenye mwanga wa dirisha. Vidoti vilikuwa vimejipanga mistari, na upande wa juu jani lilikuwa kijani safi.

“Umeshaona kutu inayopanga foleni?”

Aliangalia sana. Kisha akatoa hukumu: nioteshee nje, nyuma ya jiko, mbali na mibuni. “Jani moja la kahawa likigeuka njano, namwaga mrututu, na wewe humo humo.” Mrututu ni ile dawa ya bluu ya kahawa. Kangaga mchanga hatoboi.

Nikakata chupa ya maji, nikatia udongo niliouchemsha, nikanyunyiza unga, nikafunika na nailoni. Nikawa naenda huko kila Jumamosi kukagua. Mwanzoni hakikutokea kitu. Baadaye ukaja utando wa kijani.

“Mwanao ni ukungu,” Bibi akasema.

Ila utando ukawa vimoyo, vidogo kuliko kifungo cha shati. Nikamweleza: hiki si kangaga bado, ni mzazi wake. Ana upande wa kike na wa kiume mwilini mwake, na mbegu ya kiume lazima iogelee kwenye maji kulifuata yai.

“Hakuna posa?”

“Anaogelea tu, Bibi.”

“Hata kreti ya soda hakuleta?”

“Hana mikono.”

“Ukoo wa hovyo kabisa.”

Hata hivyo yeye ndiye aliyenipa kijiko cha kudondoshea maji. Mimi nilikuwa nayaogopa maji nikidhani yataozesha, kumbe nilikuwa nawazuia watu wasioane.

Jumamosi moja, wakati mradi umebakiza siku chache, nilimkuta Bibi amebeba bomba la dawa mgongoni na jani la njano mkononi. Sikumwamkia hata.

“Geuza kwanza,” nikasema.

“Nigeuze nini?”

“Jani, Bibi. Tuone chini.”

Akaligeuza. Akapitisha kidole, akakitazama. Hakuna unga. Akaenda mwenyewe kwenye mbuni ule, akapekua tawi kwa tawi, mimi nimesimama mbele ya chupa kama golikipa wa penalti. Akarudi taratibu.

“Limezeeka tu,” akasema, akatua bomba. “Kama mkeo.”

Ndipo nikafunua nailoni. Katika kimoyo kimoja kilichosinyaa kulikuwa kumesimama kichipukizi cha kijani kimejikunja kichwa, kangaga kamili, kirefu kama punje ya mchele.

Mwalimu alikitazama kwa lenzi mpaka kengele ikalia. Akaniuliza mzazi yuko wapi, nikamwonyesha kile kimoyo. Akanipa alama, akakata mbili kwa sababu kwenye mchoro nilikuwa nimeivisha spora miwani.

Jioni Mama alisoma matokeo mara mbili, akatazama chini ya kitanda, ambako kumbe alishaficha tranka jipya la bweni.

“Basi,” akasema, “nitatunzia humo unga wa sembe.”