Mbwa wa Kapuni

Kisa hiki hakinipambi. Nikikisimulia barazani, watu hucheka kabla sijafika katikati, nami hucheka nao ili nisionekane mjinga peke yangu.

Shamba letu lilikuwa bara, ng'ambo ya Faza. Baba alikuwa ameshafariki, mama akapanda mtama mwenyewe. Mwaka wa nyuma nguruwe mwitu waliumaliza wote, tukashindia madafu na papa mkavu mpaka tumbo likasahau kazi yake. Safari hii mtama ulipoanza kushika punje, mjomba, kakake mama, akaniita.

"Nenda kwa yule mwindaji wa msituni ukatake mtoto wa mbwa. Mbwa wa kulinda shamba hana makosa, bora asiingie nyumbani. Lakini umwone mamake kwanza."

"Nimwone mamake? Kwani napeleka posa?"

"Ingekuwa posa ningekwenda mwenyewe."

Nikaenda. Jike la mbwa wa mwindaji lilikuwa na kovu la meno ya nguruwe ubavuni, limelala, watoto wamelig'ang'ania. Nikaomba mmoja. Mwindaji akakataa.

"Bado wananyonya. Mimi simtoi mpaka ale nyama, na amfuate mamake msituni japo kidogo. Mwezi ukiandama, rudi."

"Nguruwe hawangoji mwezi, bwana."

"Basi kawaambie wangoje."

Niliudhika, maana mwenye maneno ya kejeli kwa kawaida ni mimi. Nikaona huyu anajidai tu, mbwa ni mbwa. Nikavuka nikashika ndia ya Kizingitini, ambako nilisikia kuna bwana mmoja pale wanapoegesha mashua, huuza watoto wa mbwa kwa watu wa mashamba.

Nilimkuta baada ya sala ya alasiri. Nina udhu, nimevaa kanzu safi. Alikuwa na kapu la ukili lenye kifuniko, ndani kitu kinalia.

"Mamake yuko wapi?" nikauliza, nikijiona hodari kwa kukumbuka.

"Mamake? Mkali huyo! Amefungwa kule nyuma, akikuona atakurarua. Na huyu kamfuata. Anatafuna mifupa." Akafunua kapu kidogo. "Mtie mkono kinywani uone meno!"

Nikarudi nyuma nikishika kanzu yangu, na waliokuwepo wakacheka. Nitie mkono kwenye mate ya mbwa, nikajioshe mara saba na udongo, magharibi inakuja? Yule bwana alijua sitatia. Nadhani hakuna aliyewahi kutia. Nilimwachia kikoi changu kipya kuwa malipo, nikachukua kapu kwa ncha ya fimbo, kama mtu aliyebeba nyoka.

Shambani mama alimwekea yule mtoto wa mbwa kichwa cha samaki kwenye kifuu. Akakinusa, akalia. Mama akamwekea uji mzito, akaukanyaga, akalia. Mama akaanza kunitazama.

Mjomba ndiye aliyekunja mikono ya kanzu, akamshika, akamfungua kinywa.

"Fizi tupu," akasema. "Huyu hata kunyonya hajashiba. Mwindaji hufuga kwa kuwa yeye mwenyewe anamhitaji mbwa. Wengine jike huwazalia chini ya ngalawa wasijue. Na huyo muuzaji wako hafugi kitu, huokota. Mamake umemwona?"

"Ameniambia ni mkali."

"Ameniambia!" akasema mjomba, akaenda kujiosha na udongo.

Mama alikamua mbuzi, akachovya kitambaa kwenye maziwa, akayadondosha kinywani mwa mbwa. Sikuwahi kumwona mama akimgusa mbwa. Mimi nilisimama mlangoni mwa kibanda, mara hii sina mzaha hata mmoja. Kitoto kilimeza kidogo kikatapika. Kesho yake, jua la adhuhuri, kikanyamaza, nikakichimbia shimo penye mpaka wa shamba.

Nilipokuwa nafukia nikaona nyayo. Kona ya chini, mtama umelala chini, mabua yametafunwa. Nguruwe walikwishaingia. Mama alikuwa amechutama anaokota masuke yaliyobaki, anayapangusa mchanga kwa upande wa kanga, haniangalii.

"Mama, nirudi kwa mwindaji?" nikauliza. "Mwezi ukiandama, atanipa."

Mjomba akaja kutoka kibandani na debe tupu na kijiti, akaniwekea miguuni.

"Utarudi. Mpaka huo mwezi uandame, mbwa ni wewe. Anza kubweka."