Ushuhuda Uliotangulia Jibu la Daktari

Saa moja asubuhi, Jumamosi, ukungu bado umelalia majani ya chai nje kidogo ya Sotik. Monicah Aoko anachuma kwa mikono miwili, anatupa majani kwenye kikapu mgongoni, kisha anainua kichwa na kutazama njia iendayo kwenye nyumba za wafanyakazi. Anachuma tena. Anatazama tena.

"Mama Molly, leo unachuma chai ama unachuma barabara?" mnyapara anamtania. Wenzake wanacheka. Yeye hacheki.

Monicah, mwenye miaka thelathini na tisa, ni mjane. Hulipwa kwa kilo, na siku nzuri hufikisha arobaini. Siku asiyochuma hana kitu. Lakini wiki hii si kilo zinazomnyima utulivu. Ni binti yake Molly, wa miaka mitano, aliyemwacha kwa jirani akiwa amejikunyata kwa uchovu.

Jumatatu wanatarajiwa hospitalini Eldoret, Molly atolewe kipande kidogo cha ini kwa sindano. Hii ni tarehe ya pili. Ya kwanza Monicah hakwenda.

Mambo yalianza wakati wa mvua za masika, maji ya kijito yalipochafuka. Watoto sita wa nyumba hizo walishikwa na homa, wakatapika, macho yakawa ya manjano. Zahanati ikasema ni virusi vya ini vinavyoletwa na maji machafu, na kwamba watoto wengi hupona wenyewe.

Wakapona kweli. Kanisa likafanya ibada ya shukrani, akina mama sita wakasimama na watoto wao, kila mmoja akatoa ushuhuda. Molly alivalishwa soksi nyeupe, na siku hiyo hata macho yake yalikuwa meupe.

Haukupita mwezi, manjano yakarudi. Molly akawa anajikuna usiku, hataki kucheza, mkojo umekolea kama strungi, chai isiyotiwa maziwa.

Daktari wa watoto, Vivian Nyagaka, alipima damu mara mbili. Virusi vile vilikuwa vimekwisha, vingine havikuonekana, lakini ini liliendelea kuumia. Damu ilionyesha dalili kwamba kinga ya mwili wa Molly mwenyewe ndiyo inayolishambulia.

"Nilimwambia mama hivi: mwizi ameshatoroka, lakini mbwa bado wanauma wenye boma," anaeleza daktari. "Sasa siwezi kumpa mtoto dawa kali, ya miaka, kwa kubahatisha. Kuna magonjwa mengine ya ini yanafanana na huu. Tukiangalia hicho kipande tutajua. Tukikawia, ini litajaa makovu."

Monicah alielewa. Kilichomfunga miguu ni kanisa. Drusilla Mongina, kiongozi wa akina mama, alimjia nyumbani jioni moja. Wakanywa chai, wakaongea habari za mahindi, ndipo mgeni akatoa la moyoni.

"Mama Molly, ulisema kwa mdomo wako amepona," alimwambia. "Sasa ukimpeleka akadungwe, tuambie watu Mungu alirudisha mkono?"

Hakusema kwa ubaya. Wakati wa ile homa, Drusilla ndiye aliyekesha na Molly zahanatini, na hilo ndilo lililoyafanya maneno yake yawe mazito. Tarehe ikapita. Monicah akawa anateka maji mapema asikutane na mtu, na kila aliyeuliza akamwambia mtoto yuko sawa, huku akimvuta Molly kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi.

Kisha daktari akapiga simu. Hakugombeza. Aliuliza tu kama macho yamekuwa afadhali, na Monicah akaomba tarehe nyingine.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, anasimama. Amemshika Molly mkono, kichwa wazi.

"Nilimshukuru Mungu kwa ugonjwa wa kwanza, na ile shukrani siirudishi," anasema. "Lakini huu ni mwingine. Mtoto wangu ni mgonjwa. Mwangalieni macho."

Drusilla anainuka kwenye benchi la mbele, anamsogeza Molly penye mwanga wa dirisha, anamwinua kidevu. Anaangalia kwa muda mrefu.

"Kumbe tulisema amina mapema," anasema.

Kisha anauliza gari la Eldoret linaondoka saa ngapi, maana mtu mmoja hawezi kubeba mtoto na mizigo.

Jioni Monicah hawezi kukaa. Anafungua mfuko wa safari, anaufunga, anatoka nje, anarudi kumgusa Molly paji la uso. Daktari amemwambia kwamba ugonjwa ukithibitika, mtoto atameza dawa kwa miaka, pengine maisha yake yote, na kwamba wengi wanaowahiwa husoma na kucheza kama wenzao. Zaidi ya hapo hakumwahidi. Monicah anataka Molly aanze darasa la kwanza Januari.

"Lakini kwanza nataka jina la huo ugonjwa," anasema. "Saa hii naomba tu hivi hivi. Nikijua jina lake, nitajua ninaomba nini."