Mguu Uliogombaniwa Ghalani

Mwaka ule wa kafyu, Garissa tuliangalia sinema saa nane mchana, ndani ya ghala la ngozi za mbuzi, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Jua likizama ulitakiwa uwe kwako.

Kaka yangu nilimvuta kwa nguvu mpaka ghalani. Lori alilopanda lilikuwa limekanyaga bomu lililofukiwa njiani, akapoteza mguu wa kushoto. Tangu arudi kutoka hospitali alilala chumba cha nje, na chakula cha mkewe alikipokea mlangoni kama mgeni. Alikuwa ameshamwambia adeer, yaani mdogo wake baba, aje Ijumaa baada ya swala ashuhudie talaka.

"Apate mume mzima," alisema. Shemeji hakuulizwa. Mimi nilikosa usingizi, maana nyumbani kwetu yeye peke yake ndiye aliyesikiliza ndoto zangu mpaka mwisho.

Shuka jeupe lilitundikwa katikati. Wanaume tulikaa upande wa mashine ya kurushia picha, wanawake wakakaa nyuma ya shuka, wakiitazama picha ileile kwa upande wa pili. Filamu ilikuwa ya Kizungu, na mimi niliyeishia darasa la nne nikapewa kazi ya kutafsiri. Nilichokielewa nilikisema. Nisichokielewa nilikitunga kwa huruma.

Ilihusu mwanamume aliyekatwa mguu, anayeona haya kuguswa na mkewe. Jamaa aliigiza, wallahi. Alivyojiinua kitandani kwa viwiko, ghala zima lilijiinua naye. Mkewe alipoanza kumpaka mafuta kwenye kigutu, mwenye mashine akaziba mwanga kwa kiganja kwa ajili ya heshima. Giza likakaa sana. Mzee mmoja akauliza, "Bado tu? Mafuta gani hayo?"

Kiganja kilipotoka, mume na mke wa kwenye shuka walikuwa wanacheka. Mwenye mashine akatuambia yule mtu ana miguu yote miwili, mmoja ameukunja ndani ya suruali. Hakuna aliyemwamini. Kaka akasema, "Huyo hajaigiza. Huyo ni kushoto kama mimi."

"Ni kulia," sauti ikatoka nyuma ya shuka. Ilikuwa ya shemeji.

"Kushoto."

"Sikuondoa macho kwenye mguu ule. Kulia."

Tulirudi nyumbani wakibishana njia nzima, kaka mbele na magongo yake, shemeji nyuma, na hawakuwa wamezungumza hivyo tangu lile lori. Mimi nilishaelewa: aliyekaa nyuma ya shuka huona kulia kuwa kushoto, na kushoto kuwa kulia. Neno moja langu lingemaliza ugomvi. Nikafunga mdomo kama mtu mwenye maji kinywani.

Kaka alifika mkekani uani, akaketi kwa hasira. Shemeji akaketi mbele yake, akamgonga goti zima la kulia.

"Hapa ndipo hapakuwa na kitu."

"Mwanamke, wewe kipofu?" Kaka akaushika mkono ule, akauhamisha, akauweka juu ya kigutu chake. "Ni hapa."

Wote wawili wakautazama mkono. Kaka hakuuondoa, wala shemeji.

"Kulia," shemeji akasema, polepole safari hii.

Ijumaa adeer akaja, kanzu imepigwa pasi, uso wa msiba ameuandaa. Akawakuta kwenye mkeka mmoja, wanabishana.

"Nimekuja kwa lile jambo," akasema.

"Adeer, nisamehe," kaka akajibu. "Mtu asiyejua hata kulia na kushoto nitamwachaje aende peke yake?"

Adeer akanigeukia. "Wewe ulikuwepo. Ulikuwa mguu gani?"

Nikamwambia palikuwa na giza.